Sentimita Tatu za Mwanzo

Sura ya Tatu

Jumatatu ile Pini aliondoka nyumbani saa moja kasorobo asubuhi, mfuko wa nguo begani, na kikombe chake cha chai alikiacha nusu juu ya meza ya cherehani. Tangu utotoni mama yake mdogo alikuwa amemkataza asiweke kitu chenye maji mahali pale. Mama mdogo alikiona kikombe, akasonya, akajiambia atamsema jioni. Jioni ikafika, Pini hakurudi. Jumanne kikombe kilikuwa palepale, chai imeota utando, na mama mdogo hakukiondoa kwa sababu alikuwa bado hajamsema mtu.

Kwa hiyo Inspekta alipoingia kwenye chumba cha ushonaji Jumatano asubuhi, kitu cha kwanza alichokiona ni kikombe. Cha pili ni fundi mwenyewe, mama mdogo wa Pini, mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, ameketi nyuma ya cherehani akipinda mapindo ya sare za shule. Hakusimama kumpokea mgeni. Alimtazama kuanzia mabegani hadi viatuni, kisha macho yake yakarudi kwenye mkono wa kulia wa koti la askari, ambako pindo lilikuwa limefumuka na kubanwa kwa pini ya karatasi.

"Karibu, afande. Koti lako nani alilishona?"

"Serikali."

"Nilijua tu. Kaa."

Inspekta alikaa, akafungua daftari. Mengi alikuwa nayo tayari kutoka kwenye maelezo ya jana kituoni. Aliyepotea ana miaka ishirini na mitatu. Anasoma ubunifu wa mitindo chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Watu wote humwita Pini, kwa kuwa tangu akiwa mdogo huongea amebana pini midomoni, na hajawahi kuimeza hata moja. Ijumaa kuna maonyesho ya wahitimu. Asiyeonyesha nguo zake siku hiyo anarudia mwaka mzima.

"Simu yake?"

"Imezimwa tangu Jumatatu saa nne."

"Ana mchumba?"

"Ana mtihani."

"Mama yake mzazi yuko wapi?"

"Aliondoka mtoto ana miaka sita, akaenda kutafuta kazi za viwandani. Hakurudi. Ni dada yangu, tumbo moja. Mtoto nimemlea mimi."

"Hajawahi kuandika?"

Fundi aliinama akaanza kutafuta mkasi mezani, akainua vitambaa, akaangalia chini ya sare. Mkasi ulikuwa mkononi mwake. Inspekta hakumwambia. Aliandika neno moja pembeni ya ukurasa, akaendelea.

"Jumapili jioni alikuwaje?"

"Kawaida. Alikula, akaniuliza mambo ya kazi, akalala."

"Mambo gani ya kazi?"

"Ya tepu za kupimia. Vitu vya mafundi, afande, havitakusaidia."

Ukutani, juu ya cherehani, kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kadi ngumu nyeupe yenye nembo ya chuo. Inspekta aliisoma bila kuitoa. Kiti cha familia, mstari wa tatu, namba kumi na tisa.

"Kila mwanafunzi hupewa ngapi?"

"Mbili. Aliniletea zote mbili Jumamosi, nikazitundika hapo. Hatukuwa na wa kumpa ya pili. Nilimwambia ampe jirani anayetupigia pasi." Fundi alisimamisha cherehani. "Jumatatu jioni ndipo nilipoona imebaki moja."

"Alichukua moja, akaacha moja."

"Labda alinikasirikia."

"Mtu akikasirika huchukua zote," alisema Inspekta, akafunga daftari.

*

Karakana ya ushonaji ya chuo ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na sanamu za kushonea upande mwingine, zimepangwa mstari bila vichwa wala mikono, kila moja na nguo ya mwenyewe. Harufu ilikuwa ya mvuke na chaki. Wanafunzi kumi na wanne walikuwa wakishona kwa kasi ya watu waliobakiwa na siku mbili. Askari alipopita, cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine, na zilianza tena nyuma yake.

Mhadhiri alikuwa mzee mwembamba, tepu shingoni na miwani juu ya kipara. Alimpeleka Inspekta pembeni mwa chumba, akazungumza chini chini.

"Nilisema maneno," alisema, kabla hajaulizwa.

"Maneno gani?"

"Hapa kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho lazima amshonee nguo moja mteja wa kweli, mtu asiyemjua. Mteja anatuma vipimo, mwanafunzi anashona, nguo inatumwa, mteja anatoa maoni. Ya Pini ilirudishwa Ijumaa. Inapwaya. Jumatatu asubuhi nikaitandika hapa mbele ya wote, nikawaonyesha. Sentimita tatu kifuani. Tatu kiunoni. Tatu mabegani. Nikasema hilo ni kosa la mwaka wa kwanza, na hata mwaka wa kwanza huwa wanakosea mahali pamoja. Darasa likacheka."

"Na yeye?"

"Hakulia. Aliniuliza, 'Kila mahali, mwalimu? Hata kwenye kifundo cha mkono?' Nikasema hata hapo. Akaisogelea nguo, akazihesabu pini moja moja kama mtu anayesoma. Kisha akaikunja, akatoka." Mhadhiri alivua miwani kichwani, akaivaa, akaivua. "Afande, nyuma ya chuo kuna mto."

"Wenzangu wameutafuta jana kutwa. Hakuna kitu. Alitoka na nini mkononi?"

Mhadhiri hakujua. Aliyejua alikuwa kijana wa meza ya jirani, aliyevaa shati lililonyooka kana kwamba limetoka dukani sasa hivi. Wenzake walimwita Pasi.

"Nasikia mlikuwa mkigombana," Inspekta alimwambia.

"Kila siku. Tunagombania pasi ya mvuke. Iko moja, na sisi tuko kumi na watano." Alisita. "Kumi na wanne sasa."

"Jumatatu ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mteja wake angeagiza gunia lingemkaa vizuri zaidi." Aliangalia chini. "Ulikuwa utani. Yeye mwenyewe alinitania wiki nzima kwamba suruali yangu ina miguu ya ndugu wawili wasioelewana."

"Alichukua nini alipotoka?"

Pasi alifungua mtoto wa meza ya Pini, akaangalia kwa muda. "Nguo yenyewe. Mkasi mkubwa. Chaki. Kibweta cha pini. Na uzi wa njano, ule wa rangi ya nguo. Ulikuwa hapa, kibiringo kizima."

Inspekta alimgeukia mhadhiri. "Mwalimu, mtu anayekwenda kujitupa mtoni habebi uzi unaolingana na nguo. Huyu amekwenda kubana mishono. Tuliza moyo wako, kisha nionyeshe vipimo."

Nguo ilikuwa imeondoka, lakini kivuli chake kilibaki. Kwenye sanamu ya Pini kulikuwa na nguo ya majaribio, ile ambayo wanafunzi hukata kwanza kwa marikani kabla ya kugusa kitambaa kizuri. Mwishoni mwa wiki, Pini alikuwa amechomeka juu yake pini palepale zilipokuwa kwenye nguo iliyorudishwa. Kando yake, kwenye ubao, zilining'inia paterni za karatasi na kadi ya vipimo tisa, na chini ya kadi barua fupi ya mteja.

"Pima hizi karatasi," Inspekta alimwambia Pasi. "Linganisha na kadi."

Pasi alipima. Alikuwa na mkono mwepesi. Alitoa nafasi ya mishono kichwani bila kuandika. Kifua, tisini na nne kwenye kadi, tisini na nne kwenye karatasi. Bega kwa bega, arobaini na moja, arobaini na moja. Kifundo cha mkono, kumi na tisa, kumi na tisa. Alipofika nyonga, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hakukosea," alisema. "Alishona kama alivyoambiwa."

Mhadhiri alichukua tepu yake shingoni, akapima tena mwenyewe tangu mwanzo. Alipomaliza aliirudisha tepu shingoni. Alikaa kwenye kiti cha Pini.

"Basi mteja amekonda," alisema Pasi. "Kati ya kupimwa na kuvaa. Huwa inatokea."

"Mtu akikonda hukonda wapi?"

"Kiunoni. Nyongani. Usoni."

"Na mifupa ya mabega inasogea?"

Pasi alitikisa kichwa.

"Na akikonda, kiuno na kifundo cha mkono hupungua sawasawa, tatu kwa tatu?"

"Hapana, afande. Huyo atakuwa hajakonda. Atakuwa amepimwa vibaya."

"Vibaya kwa namna ileile, mara tisa," alisema Inspekta. Alitoa barua ubaoni, akaisoma kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akisoma maelezo ya mashahidi.

"Asante kwa nguo. Inapwaya kidogo kila mahali, jirani yangu ameweka pini. Nimeipapasa mishono yote, ndani ni safi kama nje. Aliyekufundisha kazi hakukuonea huruma, na alifanya vizuri. Usiharakishe."

Kisha akasoma kadi ya oda. Kitambaa, kiwe laini. Vifungo, vikubwa, mbele, kila kimoja umbo lake. Rangi, chagua wewe.

"Tulimcheka sana kwa vifungo hivyo," alisema Pasi. "Mraba, duara, pembetatu. Kama vya mtoto wa chekechea."

"Umewahi kuona mteja anayesema chagua rangi wewe?"

"Sijawahi. Hata bibi yangu, anayetaka nguo ya kulalia, anaanza na rangi."

"Na umewahi kuletewa nguo ukaipapasa kabla ya kuiangalia?"

Mhadhiri ndiye aliyejibu, kutoka kwenye kiti.

"Haoni," alisema. "Mteja haoni. Vifungo anavijua kwa vidole, ndiyo maana havifanani."

"Alimpataje Pini?"

"Redioni. Mwezi wa kwanza walikuja watu wa redio, wakazungumza na wanafunzi wanne. Pini alieleza alivyokulia chini ya cherehani ya mama yake mdogo, akiokota pini kwa sumaku. Wiki ileile barua ya oda ikaja, imeandikwa jina lake juu. Nilimwona ana bahati."

Inspekta aliivua nguo ya marikani kwenye sanamu kwa uangalifu, pini zote zikiwa mahali pake, akaikunja juu ya mkono kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Alipofika mlangoni Pasi alimfuata.

"Afande, ukimpata mwambie pasi ya mvuke nimeiacha. Ipo mezani kwake."

*

Karatasi ya nje ya kifurushi haikuonekana popote. Bila shaka Pini aliondoka nayo, na anwani iliyokuwa juu yake. Kwa hiyo Inspekta alikwenda ofisi ya vifurushi, dirisha lenye nondo kwenye kona ya stendi, ambako karani mmoja mnene alikuwa akifunga sanduku kwa kamba na kuifunga pia kalamu yake ndani bila kujua.

"Vifurushi vya chuo, Ijumaa iliyopita," alisema Inspekta.

"Wale wa mitindo? Wiki hii ni wao tu. Mlinzi wao huja na toroli anasaini vyote kwa mkupuo." Karani alifungua daftari, akashusha kidole. "Saba. Kutoka miji saba. Unataka upi?"

"Sijui bado."

"Basi umekuja mapema, afande."

Alinakili yote saba, mji, mtaa na jina la mtumaji. Majina hayakumwambia kitu. Kama mteja hakuweza kuandika, jina lingekuwa la jirani, na jirani angeweza kuwa mtu yeyote katika mji wowote. Kupiga simu vituo saba kungekula siku mbili, na siku mbili ndizo zilizobaki. Alimshukuru karani, akamwonyesha kamba. Karani aliangalia sanduku, akapapasa mfuko wa shati, akaanza kufungua mafundo upya huku akijisema mwenyewe.

*

Fundi alimwona anavyoingia na nguo mkononi, na akanyoosha mikono kuipokea kabla ya salamu. Hakuvaa miwani. Aliingiza mkono ndani ya bega la marikani, akaupitisha kwenye mshono hadi mkononi, akashuka ubavuni, kiunoni, nyongani. Vidole vyake vilisimama kwenye kila pini. Kwenye kifundo cha mkono vilisimama kwa muda mrefu.

"Hizi pini nani aliziweka?"

"Jirani wa mteja. Pini akazinakili hapa."

"Na aliyekata?"

"Pini. Kadi ilisema tisini na nne, akakata tisini na nne. Mhadhiri alimwaibisha mbele ya watu. Fundi, asubuhi ulisema aliuliza habari za tepu, na kwamba hazitanisaidia. Aliuliza nini hasa?"

Fundi aliitandika marikani juu ya sare za shule. Alikaa. Nje mtu alikuwa akigonga bati, akaacha, akaanza tena.

"Aliniuliza tepu yetu ya zamani iko wapi. Nikamwambia ilipotea."

"Ilipotea?"

"Dada aliondoka nayo." Aliinua mkono kushika tepu iliyokuwa shingoni mwake, mpya, ya njano. "Tulikuwa na tepu moja, ya marehemu mama. Ncha yake ya bati iling'oka, tepu ikararuka, tukaikata. Sentimita tatu za mwanzo hazipo. Inaanzia tatu. Hatukuwa na ya kununulia nyingine, basi tukazoea, ukipima unatoa tatu kichwani. Tisini na nne ni tisini na moja. Dada alimfundisha mtoto kuhesabu kwa tepu hiyo. Anamzungushia kiunoni, anamwuliza, hamsini na tano? Mtoto anajibu, hamsini na mbili. Alipoanza shule mwalimu alimrudisha nyumbani, kila jibu lake limepungua tatu."

Inspekta alitaka kucheka, hakucheka.

"Kwa hiyo nguo yoyote iliyopimwa kwa tepu hiyo, na msomaji asitoe tatu, itapwaya tatu."

"Kila mahali. Kifuani, mabegani, hata hapa." Fundi alishika kifundo chake mwenyewe. "Fundi hajipimi, afande. Lazima mwingine ashike tepu. Huyo jirani alisoma namba alizoziona."

"Na dada yako alisahau kumwambia atoe tatu."

Fundi alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea, ukawa wa mtu mdogo, wa mdogo wa mtu.

"Dada? Nilipokuwa na miaka kumi na mbili nilisahau kutoa tatu kwenye gauni la bi harusi. Alinifanya nilifumue lote, nikalishona tena huku nalia, na yeye kakaa pembeni ananishikia taa. Dada hasahau tatu."

Inspekta aliliacha neno hilo mahali lilipotua. Alifungua daftari kwenye orodha ya karani.

"Nina miji saba. Pini yuko katika mmoja. Asubuhi nilikuuliza kama mama yake hajawahi kuandika, ukatafuta mkasi uliokuwa mkononi mwako. Sasa nakuuliza tena."

Kisha fundi aliinuka, akapanda kigoda, akashusha kutoka juu ya kabati kopo la vifungo. Alilimimina mezani lote. Vifungo vilitapakaa, vingine vikaanguka chini na kuviringika hadi viatuni mwa Inspekta, na chini kabisa ya kopo palikuwa na barua tatu zilizokunjwa kwa nne. Mbili zilikuwa bado zimefungwa.

"Ya kwanza ilikuja mtoto ana miaka minane. Anasema amepata kazi kiwanda cha nyuzi, amepata na chumba, nimpeleke mtoto. Aliandika vizuri tu, bila ugomvi." Fundi alipangusa barua kwa kiganja kana kwamba ina vumbi. "Mtoto alikuwa ameshaanza kuniita mama. Nikasema nitajibu kesho."

"Hizi nyingine?"

"Kama ya kwanza sikuijibu, hizi ningezifunguaje?"

"Ungezichoma."

"Ningewezaje kuzichoma, afande? Ni mwandiko wa dada yangu."

Inspekta alizigeuza bahasha. Mhuri wa posta ulikuwa umefifia, lakini anwani nyuma ilisomeka, mtaa na namba ya nyumba. Alishusha kidole kwenye orodha ya karani. Kifurushi cha tano, mji wa kiwanda cha nyuzi, mtaa uleule, nyumba ya jirani kabisa, namba moja mbele.

"Hajahama," alisema.

"Miaka kumi na tano," alisema fundi. "Chumba kilekile."

*

Inspekta alipiga simu kituo cha mji ule. Koplo aliyepokea alisema mtaa anaujua, ni mwendo wa miguu, apewe saa moja.

Saa moja ni ndefu katika chumba chenye cherehani iliyonyamaza. Fundi aliokota vifungo sakafuni, kisha akasema, "Lete koti." Inspekta alivua koti akampa. Fundi aliondoa ile pini ya karatasi kwa ncha mbili za vidole kama mtu anayetoa mdudu, akafumua pindo lote, akalipinda upya kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana.

"Mkono huu ni mrefu kuliko ule," alisema.

"Nimeuvaa miaka tisa."

"Ndiyo maana unaandika umekunja kiwiko. Nilidhani una maumivu."

Simu ililia. Inspekta aliiweka mezani na kufungua sauti ili fundi asikie.

"Nimempata, afande," alisema koplo. "Mzima. Alinifungulia mlango na mkasi mkononi, mkubwa hivi, nikarudi hatua moja nyuma. Amekaa na mama mmoja asiyeona, anasema macho yaliharibikia kiwandani miaka minne iliyopita. Walikuwa wanabana gauni la njano. Mama amelivaa, mtoto amepiga magoti na pini mdomoni. Nilipomhoji alinijibu na pini zake humohumo."

Fundi alifunika mdomo kwa mkono wenye sindano.

"Amesema chochote kwa watu wa nyumbani?" aliuliza Inspekta.

"Aliniandikisha. Ngoja nisome." Karatasi ilichakarika. "Anasema, mwambieni mama mdogo nimeambiwa habari za barua. Nukta. Hapo alinyamaza kidogo, nikadhani amemaliza. Halafu anasema, Alhamisi jioni tunapanda basi, tutafikia bweni kwa wenzangu, Ijumaa nitakuwa nyuma ya jukwaa na nguo zangu, sitaweza kukaa na mama. Jirani wa huku hawezi kusafiri. Mama anahitaji mtu wa kukaa pembeni yake na kumsimulia nguo zinavyopita. Kadi moja ninayo ya mama. Ile niliyoiacha msumarini ni ya mama mdogo, kama ataitaka." Koplo alikohoa. "Ndivyo alivyosema. Kama ataitaka."

"Na huyo mama, amesema kitu?"

"Aliniuliza tu kama huko upande wenu bado wanatoa tatu. Sikumwelewa. Nikasema nitauliza."

Inspekta alimtazama fundi. Fundi alikuwa akitazama tepu ya njano, amejizungushia ncha yake kwenye kidole mara mbili, mara tatu.

"Mwambie hakuna tena wa kunikumbusha," alisema fundi, "lakini kichwani bado natoa."

Koplo aliandika, akaaga.

Kwenye faili Inspekta alijaza mstari wa mwisho, kama utaratibu unavyotaka kwa mtu mzima aliyeondoka kwa hiari yake. Amepatikana, salama, hakuna kosa. Alivaa koti. Mikono ililingana. Fundi alikuwa amekichukua kile kikombe mezani, amesimama nacho mlangoni pa uani, hajakimwaga.

"Nitakaa naye saa mbili nzima," alisema. "Nitamwambia nini?"

"Ataanza kwa kukuuliza rangi," alisema Inspekta.

Fundi aliitikia kwa kichwa polepole, kisha akatoka uani, na maji yakasikika bombani.

Maonyesho yanaanza Ijumaa saa nane mchana. Viti vya familia viko mstari wa tatu. Namba kumi na tisa na namba ishirini vimepakana.